Jinsi ya Kufundisha Upigaji Picha Bila Kuiweka Chini Kamera Yako

Wapiga picha wengi wanaoanza kufundisha hupatwa na jambo moja, nalo huja polepole kiasi kwamba mtu halioni mpaka limeshakomaa. Mwaka wa kwanza anapiga picha zake kila wiki, mwaka wa pili anapiga wakati wa likizo, na mwaka wa tatu kamera hutoka mkobani kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi kibonyezo kipi kinafanya nini. Nimefundisha upigaji picha katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa miaka 11, na mwaka wangu wa tatu ulikuwa hivyo hivyo. Niliyoyaandika hapa ni utaratibu uliokuja kuniokoa, na ninauandika kwa ajili ya kijana ambaye ameshaombwa afundishe na anaogopa, kwa haki kabisa, kwamba ualimu utamla usanii wake.

Utaratibu wenyewe umesimama juu ya sharti moja: usitoe zoezi ambalo hulifanyi na wewe, na usipige picha asubuhi bila kuandika kilichokushinda, kwa sababu kilichokushinda asubuhi ndicho somo la alasiri. Mengine yote yanayofuata ni namna ya kulitekeleza sharti hilo katika siku ya kawaida, yenye darasa, foleni ya maji, umeme unaokatika na harusi za Jumamosi.

Saa ya mwanga

Ipange siku yako kuanzia kwenye mwanga, kisha ratiba ya darasa iifuate. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na tofauti kati ya mwezi na mwezi haifiki saa nzima. Kwa mtu anayetaka kujijengea mazoea hii ni neema, maana saa yako ya kazi haihami. Lakini jua letu hupanda wima. Kila saa linapanda karibu nyuzi 15, na ule mwanga laini wa ubavuni, unaochora pua na shavu kwa upole, hatukai nao zaidi ya saa moja hivi. Ikifika saa 3, macho ya mtu aliyesimama juani yameshageuka mashimo mawili meusi, na mwezi Machi na Oktoba, jua linapopita utosini kabisa, adhuhuri haimwachii mtu kivuli cha kukanyaga.

Mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri nikiwa na kamera moja na lenzi moja ya milimita 35, bila mkoba. Lenzi moja inamlazimisha mtu kusogea kwa miguu yake badala ya kuzungusha mkono, na baada ya miezi michache unajua, hata kabla ya kuinua kamera, nini kitaingia kwenye fremu na nini kitabaki nje. Nashuka mtaa wa Malindi zinakofikia mashua za wavuvi, napitia Darajani, kisha narudi kwa vichochoro. Robo saa ya mwanzo siinui kamera hata kidogo. Nasalimia, naulizwa habari za nyumbani, naona samaki gani wameingia. Anayeinua kamera kabla ya salamu hupata picha za watu wanaomtazama mgeni, na nyuso hizo hufanana mji mzima.

Idadi ya picha nimejiwekea 36, sawa na mkanda mmoja wa filamu, ingawa natumia kamera ya dijitali. Zikiisha, zimeisha, hata kama jambo zuri linatokea mbele yangu. Saa 1:30 niko nyumbani na chai, na hapo ndipo kazi iliyo muhimu kuliko zote inafanyika: naandika mistari mitatu katika daftari. Wa kwanza unasema nilitaka nini, wa pili unasema mwanga ulifanya nini, wa tatu unasema nilishindwa wapi. Nasisitiza daftari la karatasi, kwa sababu simu ina mengine ya kukupeleka. Usiandike mengi, na usiruke siku.

Baraza ni studio

Nitoe mfano wa jinsi mistari mitatu inavyogeuka somo. Asubuhi moja pale mnadani nilimpiga picha mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Niliporudi nikaona kanzu imetoka vizuri, ukuta umetoka na kila ufa wake, na uso wa mzee umetoka kama masizi. Mstari wa tatu siku hiyo ulisema: "Nimeiachia kamera ihukumu." Alasiri nililiacha somo nililokuwa nimeandaa nikawachukua wanafunzi wote kwenye baraza.

Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kikidhani kwamba wastani wa kila kitu kilichoko mbele yake ni kijivu cha kati, na kikikutana na weupe mwingi kinaona mwanga umezidi, kwa hiyo kinaupunguza. Weka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe na kamera itamtia giza. Mweke mbele ya mlango mweusi wa mti na kamera itafanya kinyume, itampausha. Simu nazo hukosea vivyo hivyo, ingawa nyingi za siku hizi hujaribu kuutafuta uso. Mwanafunzi wa Kiafrika anahitaji kulijua hili kabla ya kujua kanuni yoyote ya mpangilio wa picha, na anahitaji pia kujua kwamba halikuanza na dijitali. Tangu miaka ya 1950 maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kwa muda mrefu ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Sisi tuliokua tukiziona albamu za harusi ambazo bibi harusi ana shela zuri na hana uso, tulidhani mpiga picha hakuwa fundi. Mara nyingi fundi alikuwepo. Kipimo ndicho hakikuwa chetu.

Fanya hivi. Chagua kichochoro chembamba chenye baraza upande mmoja, na ukuta mweupe upande wa pili ukiwa unapigwa na jua. Saa 9 na nusu alasiri kunapatikana vichochoro vya namna hiyo kila mtaa wa Mji Mkongwe. Mkalishe mwanafunzi mmoja barazani, kivulini, akiutazama ule ukuta wa jua. Mwanga unaomfikia umeshagonga chokaa ukatawanyika, kwa hiyo unamfunika wote kwa ulaini ambao mwenye studio angeununua kwa taa na miavuli. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea mwisho wa kichochoro, na wenzake watazame shavu la pili likizama hatua kwa hatua. Wasipige picha bado. Watazame tu, na kila mmoja aseme "hapo" pale anapouona uso ukipata umbo. Wote hawatasema "hapo" kwa wakati mmoja, na hilo lisisahihishwe na mtu yeyote, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa jicho la kila mmoja wao.

Sasa wapige. Picha ya kwanza waiachie kamera ihukumu. Ya pili wapime mwanga usoni peke yake, kwa kusogea karibu mpaka uso ujaze fremu, wakariri kile kipimo, kisha warudi nyuma na kupiga kwa kipimo hicho hicho. Ya tatu waongeze hatua moja, yaani mwanga mara mbili ya ule wa picha ya kwanza. Wenye simu waguse uso kwenye kioo, kisha wapandishe kidole kuongeza mwanga. Waziweke picha tatu pamoja na watazame weupe wa jicho, mng'ao wa paji la uso na mstari kati ya shingo na kola. Ngozi nyeusi huzungumza kwa mng'ao. Ukiuua mng'ao kwa poda nyingi au kwa taa iliyo karibu na lenzi, umeiua ngozi yenyewe. Nilipowaambia hivyo, nilikaa barazani nikawapa kamera yangu wanipige mimi, na mimi nikawapiga wao, kwa masharti yale yale.

Baraza lina wenyewe, hata kama linaonekana la mtaa. Piga hodi. Kwa bibi aliyekaa pale sema "Shikamoo bibi, sisi ni wanafunzi, tunaomba kukaa hapa kidogo tujifunze mwanga," na usubiri ajibu marahaba na aseme lake kabla ya kufungua mkoba. Akikataa kupigwa picha yeye, hakikisha hata kiwiko chake hakimo kwenye fremu. Watoto wasipigwe bila mzazi kujua, na watu waliomo msikitini au kwenye msiba waachwe. Mwanafunzi anayeona tabu kuomba ruhusa mpe kazi ya kuomba ruhusa tupu kwa wiki nzima, bila kamera. Wangu watatu walioanza hivyo ndio sasa hukaribishwa ndani ya nyumba.

Mkeka wa Alhamisi

Kila Alhamisi tunatandika mkeka sakafuni. Nina wanafunzi 12 na kila mmoja huja na picha 5 alizosafishisha studio, za saizi ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15. Mimi pia huleta 5. Zinachanganywa bila majina, zinatandazwa zote 65, na kwa dakika 10 hakuna anayesema kitu. Picha iliyoko kwenye simu hutazamwa kwa nukta moja na kidole kinapita. Iliyolala mkekani inamtaka mtu ainame.

Duru ya kwanza maneno "nzuri", "kali" na "mbaya" yamepigwa marufuku. Anayesema aseme kilichomo: mwanamke, ndoo ya buluu, kivuli cha waya. Duru ya pili kila mtu aseme jicho lake lilitua wapi kwanza na likaenda wapi baada ya hapo. Duru ya tatu kila mmoja anaondoa picha moja mkekani na kueleza kwa nini, na mwenye picha haruhusiwi kujitetea. Mwanzoni watakuwa waoga au watakuwa wakali kupita kiasi. Mwalimu asikimbilie kusuluhisha. Aulize tu: "Unaona nini kinachokufanya useme hivyo?" na aulize tena.

Faida ya kuziweka picha zako humo bila jina nilijifunza kwa njia iliyoniuma. Nilikuwa nimeleta picha ya seremala amesimama kwenye mlango wa nakshi, mlango mkubwa wenye misumari ya shaba, na niliipenda sana. Binti mdogo kuliko wote darasani aliinama, akaitoa, akasema, "Aliyeipiga hii aliupenda mlango kuliko mtu." Sikusema kitu. Usiku niliitazama upya nikaona kwamba seremala nimemweka pembeni kama pambo, mikono yake iko nyuma, na hata jina lake sikuwa nimeliuliza. Siku ya tatu nilirudi karakanani kwake, tukazungumza mpaka adhuhuri, nikampiga akiwa ameinamia patasi, mlango haupo kabisa. Picha hiyo ya pili ndiyo inayoning'inia ukutani kwangu sasa. Bila mkeka nisingerudi, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia. Wenzangu walikuwa wameisifu.

Yule binti nilimwambia wiki iliyofuata kwamba picha ilikuwa yangu, mbele ya wote, na nikawaonyesha mbili pamoja. Fanya hivyo kila inapotokea. Darasa ambalo mwalimu ameondolewa picha mkekani halihitaji hotuba kuhusu kupokea maoni.

Kazi moja ya muda mrefu

Picha za asubuhi ni mazoezi ya vidole. Msanii anahitaji pia kazi moja inayokwenda kwa miaka, na mwalimu anapaswa kuichagua kwa hesabu: iwe karibu kiasi cha kwenda na kurudi siku moja, iwe na watu wale wale utakaowarudia, na iwe na mwendo wake usiokutegemea wewe. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalokuvuta nje siku ambazo umechoka kusahihisha kazi za wanafunzi.

Yangu ni wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, Jambiani na Paje, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 na ambako wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Ratiba yao inaandikwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mbali na mashamba huwa wazi, na wanawake huingia kufunga mwani kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi vilivyopigwa mchangani. Wakati wa maji mafu hakuna kinachofanyika huko. Kwa hiyo mara mbili kwa mwezi najua nitakuwa wapi, na ratiba ya darasa niliipanga kufuata kalenda ya maji tangu mwanzo wa muhula. Ofisi ilishangaa kidogo ikakubali.

Tatizo ni kwamba maji ya bamvua hukupwa jua likiwa limeshapanda, saa ambazo nimetoka kuwaambia wanafunzi wasipige picha. Ilinichukua karibu mwaka kuacha kulilalamikia jua na kuutazama mchanga. Mchanga mweupe wenye maji kidogo juu yake ni kiakisi kikubwa kuliko chochote kinachouzwa dukani. Simama mahali ambapo jua liko nyuma ya mtu unayempiga, na mwanga utamrudia kutoka chini, utaingia ndani ya mtandio na kulijaza lile shimo la macho. Pima usoni, iache anga iungue ikibidi. Anza na kanuni ya zamani ya jua kali, yaani ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya sekunde 1/125 na tundu la f/16, kisha fungua hatua mbili au tatu kwa ajili ya uso ulioko upande wa kivuli, na mwanafunzi afanye hesabu hiyo kichwani kabla ya kuitazama kamera.

Kutokana na kazi hiyo nilifika kwenye njia nyingine ambayo sasa ni somo ninalolipenda kuliko yote: picha za samawati, zinazotengenezwa kwa jua bila kamera. John Herschel aliigundua njia hii Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa picha za mwani wa bahari za huko kwao. Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimekaa Jambiani na mwani umelala miguuni pangu.

Utahitaji aina mbili za chumvi za kemikali zinazouzwa kwa gramu: amonia feriki sitreti na potasiamu ferisianidi. Yeyusha gramu 25 za ile ya kwanza katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za ile ya pili katika mililita 100 nyingine, kila moja katika chupa yake ya rangi iliyofunikwa. Vaa glavu, tumia vyombo ambavyo havitarudi jikoni, na usiruhusu asidi kali wala moto karibu na ile ya pili. Unapokuwa tayari, changanya kiasi sawa cha kila moja, sogea mahali penye mwanga hafifu wa balbu ya manjano, na upake kwa brashi juu ya karatasi nzito ya rangi za maji, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Acha ikauke gizani. Itakuwa na rangi ya manjano yenye ukijani.

Mwani uwe umekaushwa na kubanwa ndani ya kitabu kizito siku mbili kabla, kwa sababu ule mbichi hutoa maji ya chumvi yanayotia madoa. Ulaze juu ya karatasi, weka kioo juu yake, bana kwa vibanio pembeni, na toa juani. Adhuhuri yetu huhitaji dakika 5 hadi 10. Tazama rangi: manjano itageuka buluu, kisha itafifia kuwa kijivu chenye mng'ao wa shaba, na hapo wanafunzi wengi hudhani wameiharibu wakaitoa. Waambie wasubiri, kijivu hicho ndicho kinachotakiwa. Kisha osha katika maji kwa dakika 5 au zaidi mpaka yatoke meupe, na mwani utabaki mweupe ndani ya buluu, kila tawi na kila chunusi yake, na buluu yenyewe itazidi kukolea kwa siku nzima baada ya kukauka.

Jambo moja ambalo maelekezo ya nchi nyingine hayatakwambia: maji yetu mengi hutoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa, na chokaa huifuta samawati. Picha zangu za mwanzo zilipauka ndani ya beseni nikadhani kemikali imeoza. Kamulia ndimu moja kwenye beseni la kwanza la kuoshea, kisha malizia kwa maji ya kawaida haraka. Maji ya mvua ni bora zaidi ukiyapata.

Chumvi, ukungu na diski

Pwani haina huruma na kamera. Hewa yenye unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikishashika kioo alama yake mara nyingi haitoki. Weka lenzi katika kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na ununue kipimo kidogo cha unyevu ukilenge kati ya asilimia 40 na 50. Mchele ambao watu husema unafaa huacha vumbi. Mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini ndio mahali pabaya kuliko pote. Lenzi yangu ya kwanza nzuri iliharibikia humo wakati nilipoacha kupiga picha ule mwaka wa tatu. Ukirudi ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo kabla ya kutumia kikavu, maana chumvi iliyokauka hukwaruza. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa mpaka ilingane na joto la nje, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Picha ziwe na nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na nakala moja ilale nyumba nyingine. Yangu inalala kwa dada yangu Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nilianza utaratibu huu baada ya diski moja kufa na kwenda na kazi ya miaka miwili, na wanafunzi huusikia kisa hicho siku ya kwanza ya darasa.

Fedha nitaigusia kwa ufupi. Ualimu peke yake hautoshi na harusi zinalipa, basi piga harusi, lakini weka idadi kwa mwezi na usiivuke. Mimi nimeweka mbili. Andikianeni hata ukurasa mmoja kuhusu nani atatumia picha na wapi, kwa kuwa sheria za hakimiliki zipo, ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003. Wala usidhani kazi ya mkate inachafua jicho. Ranchhod Oza aliifungua studio ya Capital Art hapa Zanzibar mwaka 1930, akaishi kwa kupiga picha za watu waliokuja kukaa mbele ya kamera yake, na mtu huyo huyo akaupiga mji na watu wake kwa miongo, kisha mwanawe Rohit akaiendeleza. Wapeleke wanafunzi wakatazame picha hizo za zamani na waulize mwanga unatoka upande gani.

Picha zirudi kwa wenyewe

Mwisho wa kila mwezi nina siku moja ambayo haina darasa wala harusi, na siku hiyo narudisha picha. Hesabu katika bajeti yako ya karatasi kwamba kila mtu uliyempiga uso atapata yake, na umpelekee mkononi. Kwa wakulima wa mwani tia kila picha ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mikono yao itakuwa na maji ya chumvi utakapowakuta. Nyuma andika jina lake kama anavyolitamka mwenyewe, mahali na tarehe, na uandike kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hutoka unyevu ukiingia na baada ya miaka michache utakuta doa lake limechomoza upande wa pili, katikati ya uso.